Kuku Wanane wa Dama

Kuku wa kwanza Dama alimtoa guniani kwa mikono miwili, akamweka taratibu kwenye mchanga wa uani kwao Utange, akajitenga kidogo ampe nafasi. Kuku hakwenda popote. Alisimama pale pale alipowekwa, mguu mmoja ameuinua, kama mtu aliyekanyaga sakafu ya moto.

"Mbona hatembei?" Dama aliuliza.

"Hajawahi," Erastus alimjibu. "Tangu awe mdogo amesimama juu ya waya. Hajui chini kukoje."

Erastus alikuwa mfanyakazi wa shamba la kuku wa mayai lililokuwa nyuma ya ukuta mrefu, si mbali na kwa kina Dama. Kuku walipopunguza kutaga, mwenye shamba aliacha kuleta chakula, kisha akaacha kupokea simu, na wafanyakazi wakaondoka mmoja mmoja. Erastus akabaki. Siku ya nne, alipoona wameanza kufa vizimbani, aliwafungulia majirani lango na kuwaambia kila mtu achukue anaowataka. Watu walikuja na magunia na mabeseni, na njia nzima mazungumzo yalikuwa ya mchuzi. Dama peke yake ndiye aliyemuuliza wanakula nini.

"Wataka kuwafuga?" Erastus alimtazama sawasawa kwa mara ya kwanza.

"Nataka."

"Ushawahi kufuga kuku?"

"Sijawahi kufuga hata paka."

Erastus akacheka. Uso wake ulikuwa umechoka, ndevu za siku nne, macho mekundu kwa kukosa usingizi, lakini kile kicheko kilimbadilisha akawa mtu mwingine, na Dama akajikuta ameinamisha kichwa bila sababu. Alimchagulia kuku wanane. Wazuri hawakuwepo. Walikuwa na shingo tupu na migongo isiyo na manyoya, midomo iliyokatwa ncha, na kucha zilizopinda kwa kukosa pa kuparua. Akambebea magunia mawili hadi nyumbani.

Kesho yake akarudi kuwatazama. Na kesho yake tena.

Alimfundisha kila kitu. Maji yakae kivulini. Chenga za mahindi kidogo kidogo, wasije wakavimbiwa. Kijiti cha kulalia kiwe chini kabisa, maana hawajui kuruka. Jioni Dama aliwabeba mmoja mmoja kuwaingiza bandani, kwa kuwa hata hilo la kurudi nyumbani jua likizama hawakulijua. Siku ya tisa, mmoja wao, yule mwenye shingo tupu kuliko wote, alipeleka mguu nyuma akakwangua mchanga. Akasimama akautazama, kama aliyeshangazwa na alichokifanya. Akakwangua tena.

"Umeona?" Dama alinong'ona.

"Nimeona," Erastus akasema. Lakini hakuwa akimtazama kuku. Mkono wake ukautafuta mkono wa Dama, na Dama hakuuondoa.

Jioni hiyo ndipo Dama alipomweleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu. Watu wa Utange walijua kwamba Dama alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani na kwamba alirudi. Katikati ya kwenda na kurudi, hakuna aliyewahi kuuliza.

"Mlango wa nje ulikuwa wa kufungwa kwa funguo, na funguo alikuwa nazo mwenye nyumba," alisema. "Miaka miwili na miezi minne sikutoka. Nililala chumba cha kuwekea unga na mafuta. Jua nililiona kwenye kioo cha dirisha la jikoni. Nilipotua uwanja wa ndege, miguu ilikuwa ikinitetemeka kwa kutembea tu. Kaka yangu Tinga alikuja kunipokea. Unajua aliniuliza nini?"

Erastus alitikisa kichwa.

"Aliniuliza sanduku jingine liko wapi. Nikamwambia ni hili moja. Akanyamaza hadi tukafika nyumbani."

 Kuku walikuwa wamejikusanya miguuni pao, wakizoea giza la kweli, lisilo na taa za shambani. Erastus akasema kwa sauti ya chini, "Hapa hakuna atakayekufungia tena, Dama. Wala hawa."

Dama alikuwa na miaka thelathini na moja. Alishaambiwa maneno mengi matamu na watu wengi. Haya aliyapokea akayaweka moyoni kama mtu anayeweka akiba.

*

Tinga hakumtaka Erastus. Tangu baba yao afariki, Tinga ndiye aliyekuwa mwenye kauli nyumbani, na kauli yake ilikuwa moja.

"Mtu wa bara, kwao hatukujui," alisema. "Kazi yake kulisha kuku wa watu, na sasa hata hao kuku hana. Munga ana duka la vifaa vya ujenzi, amefiwa na mke, amekuulizia mara mbili. Wewe wanikalia uani na mlisha kuku, wakokota kuku wagonjwa."

"Munga ana miaka hamsini na sita, kaka."

"Na wewe unao mingapi?"

Miezi saba ikapita hivyo. Erastus alipata kazi kwenye ghala Changamwe, akawa akija Utange Jumapili tu, na hata Jumapili hizo Tinga alimpita mlangoni pasipo salamu. Wawili hao walibaki kukutana uani, wakinywa chai wamekaa juu ya matofali, kuku wakizunguka. Manyoya yalikuwa yameota. Wanane wale walikuwa sasa wa rangi ya kahawia inayong'aa, wakioga mchanga adhuhuri na kugombania mchicha. Yule wa shingo tupu, ambaye sasa manyoya yalimfunika shingo yote, alikuwa na mazoea yake. Akisikia sauti ya Erastus langoni, hukimbia kumlaki mabawa nusu wazi.

"Huyu amekupenda kuliko mimi," Dama humwambia.

"Huyu hana kaka," Erastus hujibu, na wote wawili wakacheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu.

Kisha siku moja mama yake Dama alilia mbele ya Tinga. Alimwambia hataki kufa akiwa na binti aliyekaa tu nyumbani. Tinga alivuta pumzi ndefu, akasema, "Haya. Mwambie aje Jumamosi na watu wake. Nitamwona."

Wiki hiyo yote Dama hakulala vizuri kwa furaha.

*

Jumamosi alitoka alfajiri kwenda sokoni Kongowea kununua nazi, viazi, nyanya na mboga. Nyama Tinga alisema ataishughulikia mwenyewe. Erastus alikuwa amempigia simu mapema akiwa njiani na shangazi yake, Mwikali, aliyesafiri kutoka Kitui kumsimamia kwa kuwa wazazi wake hawapo. Walitaka kufika mapema wasaidie kupanga viti.

Tuktuk ikamshusha Dama nyumbani saa nne na nusu, na mizigo yake miwili. Kabla hajafika jikoni alisikia harufu. Ni harufu ya manyoya yaliyotiwa maji ya moto, na haifanani na nyingine.

Wifi yake Josephine, mke wa Tinga, alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, beseni kati ya miguu yake, akinyonyoa. Manyoya ya kahawia yalikuwa yamemganda mikononi hadi kwenye viwiko. Kwenye beseni la pili walikuwa wameshalazwa wanne, weupe, miguu juu.

Dama aliweka mizigo chini. Akaenda bandani, akachungulia. Watatu walikuwa wamejibana pembeni kabisa, mmoja juu ya mwenzake. Akarudi.

"Nani amechinja?"

"Wifi, usinitazame mimi," Josephine alisema bila kuinua uso. "Mimi nimepewa ninyonyoe."

"Nimeuliza nani amechinja. Ni Tinga?"

Josephine akavuta unyoya mmoja mrefu, akautupa kando. "Kisu alileta Tinga. Mkono ulikuwa wa Erastus."

Alimkuta kwenye pipa la maji upande wa pili wa nyumba, amekunja mikono ya shati jipya, ananawa. Alikuwa ananawa kwa sabuni, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Alipomwona alianza kutabasamu. Tabasamu likamfia usoni.

"Dama. Nilitaka nikueleze mwenyewe."

"Nieleze."

"Ndugu yako hakununua nyama. Nilipofika aliniita mbele ya shangazi, akanitolea kisu. Akasema, mwanaume anayekuja kuomba mke anakuta kuku wamejaa uani, anaogopa kuchinja, huyo ataweza kulisha nyumba? Akasema, nionyeshe."

"Ukamwonyesha."

"Ningefanyaje? Miezi saba hajanipa hata mkono. Leo amenipa, kwa hili moja. Ningekataa, tungekuwa tumefukuzwa saa hii, mimi na mama wa watu aliyesafiri usiku kucha."

"Ulikuwa na simu mfukoni."

Erastus akachota maji tena, akanawa viganja vilivyokwisha kutakata.

"Erastus. Mimi nilikuwa Kongowea, si mwezini. Simu ulikuwa nayo."

"Ungesema hapana."

"Ndiyo. Ningesema hapana."

"Basi ndiyo maana sikupiga," alisema, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe akafumba macho.

Upepo ulileta harufu ya vitunguu kutoka jikoni. Mtu alikuwa akicheka sebuleni, sauti nene, na ilimchukua Dama muda kutambua kwamba ni Tinga.

"Ni kuku, Dama," Erastus aliendelea kwa upole, akimsogelea. "Nimeumia, nakuapia. Lakini ni kuku, na tumepata tulichokuwa tunataka. Watatu wamebaki. Nitakuletea wengine kumi. Tutakuwa kwetu, utafuga unavyopenda, hakuna atakayewagusa."

Alitaka kumshika bega. Dama akarudi nyuma hatua moja.

"Ulianza na yupi?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza."

Alitazama mikono yake iliyokuwa bado inadondosha maji. "Yule wako. Wa shingo."

"Ulimkimbiza?"

"Dama, tafadhali."

"Ulimkimbiza, au alikuja mwenyewe?"

Erastus aliiweka sabuni ukingoni mwa pipa. "Alisikia naongea. Alikuja mwenyewe."

Dama alimtazama. Alitazama macho yale aliyoyangoja Jumapili baada ya Jumapili, midomo iliyomwahidi mambo, kovu dogo la waya kwenye kidevu ambalo yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuligusa. Alimpenda. Hilo halikuwa limepungua hata kidogo, na ndilo lililomtisha.

"Mimi nilikwambia ya Uarabuni," alisema. "Nilikwambia wewe tu."

Akageuka, akaingia ndani.

*

Chumbani mama yake alikuwa amemtandazia leso mpya kitandani. Alimvalisha mwenyewe, akamfunga kilemba, akampaka mafuta mikononi kama alivyokuwa akimpaka utotoni.

"Uchangamke, mwanangu. Ndugu yako amekubali. Amemwita shemeji, nimesikia kwa masikio yangu."

"Mama, ulikuwepo wakichinja?"

"Nilikuwa jikoni."

"Na hukusema neno."

Mama alikaa kitandani. Alikuwa amechoka, na furaha ya asubuhi ilikuwa imemfanya aonekane mzee zaidi.

"Ningesema nini? Kwamba binti yangu analia kwa sababu ya kuku? Sikiza, Dama. Mimi baba yenu nililetewa. Jina lake niliambiwa siku tatu baada ya kulipiwa mahari. Wewe umechagua kwa macho yako, na umekubaliwa. Wangapi wamepata hilo? Usiende kuliharibu."

"Si kuku, Mama."

"Basi ni nini?"

Dama alifungua kinywa. Alitaka kusema habari ya mlango na funguo, na jua la kwenye kioo. Lakini mlangoni akatokea Josephine, mikono yake imeoshwa, akasema wageni wanamwita.

Sebuleni walikuwa wamekaa wanne. Baba mkubwa wake, Kombe, alikuwa kwenye kiti cha mikono, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Tinga alikuwa pembeni ya Erastus, mkono wake mzito umewekwa begani pa kijana huyo kana kwamba wametoka mbali pamoja. Shangazi Mwikali, mwanamke mwembamba mwenye nywele za mvi, alikaa wima na mkoba magotini. Mezani sinia zilikuwa zimeshapangwa: wali wa nazi, viazi, na kuku wa kupaka.

Dama alipiga goti mlangoni. "Shikamoo Baba Mkubwa. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu," Kombe alisema. "Njoo karibu. Hawa wageni wametoka mbali. Wanasema kuna ua wameliona hapa kwetu. Sisi hatuwezi kupokea kitu chao wala kula nao kabla wewe hujatueleza. Ndivyo tunavyofanya." Alinyoosha kidole kumwelekea Erastus. "Kijana huyu, unamjua?"

Chumba kizima kilikuwa tayari kutabasamu. Mama yake alikuwa amesimama nyuma ya pazia, ameshika kitambaa kinywani. Ni neno moja lililotakiwa. Dama alikuwa amelifanyia mazoezi usiku kucha, akilisema kimya kimya kwa namna mbalimbali, kwa haya, kwa madaha, kwa sauti ambayo Erastus angeikumbuka wakizeeka.

Akainua uso. Erastus alikuwa akimtazama. Machozi yalikuwa yamemlenga, na alikuwa akitikisa kichwa kidogo sana, kitu ambacho wengine hawakukiona. Alikuwa akimwomba asikatae.

"Dama," Kombe akasema, "tunakungoja."

"Jana ningesema namjua, Baba Mkubwa."

"Tunakuuliza leo."

"Leo simjui."

 Tinga aliondoa mkono begani pa Erastus.

"Acha mchezo," alisema. "Kila Jumapili ulikuwa naye uani, leo humjui?"

"Kila Jumapili ulikuwa ukimpita mlangoni, kaka, leo ni shemeji yako?"

"Dama." Sauti ya Kombe ilikuwa ya onyo, lakini pia ya huzuni. "Neno hilo ukishalisema hapa halirudi. Nakuuliza mara ya pili, kwa kuwa wewe ni mtoto wetu. Unamjua?"

Wakati ule Dama angeukumbuka maisha yake yote. Angekumbuka saa ya ukutani, na mvuke uliokuwa ukipanda kutoka kwenye sinia. Alitamani Erastus aseme kitu. Aseme lolote, mbele ya Tinga, mbele ya wote: nilikosea, nilipaswa kukataa kisu. Alimngoja. Erastus akamtazama Tinga, kisha akainamisha kichwa.

"Simjui," Dama akasema.

Shangazi Mwikali ndiye aliyesimama kwanza. Tinga alianza kuomba radhi, kwamba msichana hana adabu, kwamba wakae wale kwanza, lakini yule mama aliinua kiganja.

"Ameulizwa, amejibu," alisema. "Twende, Erastus."

Uani, karibu na lango, Mwikali alimngoja Dama amfikie. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Kijana wangu si mtu mbaya."

"Najua, shangazi."

"Na unampenda. Naona."

"Nampenda," Dama alisema. "Ningeolewa naye, ningekaa kila siku nikingoja nani mwingine atampa kisu."

Mwikali aliufunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akatoka barabarani kuwaacha.

Erastus alisimama mbele yake, shati lake jipya limelowa mikono. Alionekana kama siku ile ya kwanza langoni, asiye na usingizi.

"Nikirudi?" aliuliza. "Si leo. Nikirudi peke yangu, bila shangazi, bila yeyote. Tukae pale kwenye matofali."

Dama alitaka kusema njoo. Neno lilifika ulimini kabisa.

"Usirudi."

"Miezi saba, Dama."

"Ulikuwa umengoja sana miezi hiyo saba," alimwambia. "Mpaka ukanisahau mimi ndani yake."

Alikwenda. Dama alimtazama hadi alipopinda kwenye kona ya kinyozi, akiamini kwamba atageuka. Hakugeuka. Baadaye, kwa miaka, angejiuliza kama angegeuka angemwita, na kila mara jibu lingekuwa ndiyo.

Mama yake alikuwa kwenye ngazi ya mlango, kitambaa bado mkononi.

"Umeridhika sasa?"

"Hapana, Mama."

Mama akaingia ndani, akafunga mlango. Dirishani Dama alisikia kiti kikivutwa, kisha sauti ya Tinga ikimwambia Josephine alete ndimu, chakula kisiharibike bure. Kijiko kikagonga sinia.

Dama alivua kilemba, akaenda bandani, akachuchumaa. Watatu waliobaki walikuwa bado pale pembeni. Alichukua chenga za mahindi kiganjani, akanyoosha mkono taratibu, akawaita kwa sauti ile ile aliyowaitia kila asubuhi. Waliutazama mkono. Wakarudi nyuma, wakajibana ukutani kabisa, na aliposogea kidogo tu wakapiga mabawa wakatawanyika, kila mmoja akimkimbia kivyake.

Akaziacha chenga chini, akatoka, akawaachia mlango wazi.